Naomba Njia, Mke Mwenzangu

Woolwich, London
16 Juni 2024

Mume wangu Kassian,

Salamu nyingi kutoka kwa mkeo mkubwa. Mimi mzima. Goti linalalamika lakini halijagoma. Mama Nsimire wa mlango wa pili, yule Mkongo wetu, anakusalimu na kuuliza kama huko Sydney umejifunza kupika au bado unakula vitu vya makopo. Waridi la marehemu babu yako limechanua tena kwenye ndoo yake, ingawa nililisahau wakati wote wa baridi. Ubishi wake ni ule ule wa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kesi. Barua yako ya kuniambia umepata mchumba niliisoma nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama. Déborah, binti wa Bukavu, anayetunza wazee huko kwenu Seven Hills. Jina zuri na kazi nzuri. Lakini ni nani aliyekufundisha kwamba mwanamume mwenye mke huchumbia bila kumwuliza mkewe? Uliletwa kwangu ukiwa na miaka tisa, mama yako ametangulia, huna hata sweta. Nilikulisha, nilikusugua masikio, nilikufundisha Kiswahili cha kuandika wakati wenzako wanacheza. Tena umebeba jina la babu yako zima zima. Mke wa kwanza ni mimi, na bila talaka yangu huoi.

Usinipigie simu kunibembeleza. Masikio yangu na simu walishaachana, na hata wangekuwa bado pamoja, mambo ya ndoa huandikwa.

Sharti langu ni hili: mwali lazima apajue nyumbani kwa mumewe. Kijijini kwetu Kamachumu uliondoka ukiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani kwako ni hapa, na mwalimu nitakuwa mimi. Umsomee polepole.

Mwambie kwamba leo baada ya misa nimeshuka mtoni na kupita kwenye handaki la watu wa miguu lililo chini ya Thames. Lilifunguliwa mwaka 1912 ili vibarua wa bandari waweze kuvuka hata siku za ukungu, feri inapogoma. Ndani ni vigae vyeupe mwanzo mpaka mwisho, maji yanadondoka hapa na pale, na harufu ni ya chuma kilicholowa. Mwambie pia kwamba mumewe mara ya kwanza alikataa kuingia, akisema mto utatuangukia. Aliingia amejifunika kichwa kwa sketi yangu, na alipotoka ng'ambo akatangaza kwamba hakuogopa. Kurudi tukapanda feri. Feri yetu ni ya bure tangu mwaka 1889. Katika mji huu unaotoza hata pa kusimama, mto tunavushwa bure, mfalme na mimi sawasawa.

Jambo la mwisho. Siku ya harusi yangu, bibi yake babu yako alisimama mlangoni, mikono huku na huku, akakataa nisipite. Nilitetemeka mpaka shangazi aliponinong'oneza la kusema: "Naomba njia, mke mwenzangu." Bibi akacheka, akanipisha, akanikumbatia. Nimengoja zamu yangu tangu siku ile. Kwa hiyo tafuteni nyumba yenye mlango wa heshima.

Mkeo mkubwa,
Kokugonza


Seven Hills, Sydney
14 Julai 2024

Bibi yangu, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila baridi. Najua utacheka kwamba Julai ni baridi, lakini huku mwaka umegeuzwa chini juu na nyumba hazina joto kama zako. Nafanya kazi mjini kama kawaida, treni asubuhi, treni jioni. Mwambie Mama Nsimire kwamba sasa napika ndizi, na Déborah amezila bila kushurutishwa.

Nilimsomea barua yako yote. Nilitaka kuruka pale penye sketi, lakini alikuwa ameshaona jina langu, akaninyang'anya karatasi akasoma mwenyewe kwa sauti mbele ya mama yake. Sasa ukoo mzima wa Bukavu unajua kwamba niliogopa mto. Déborah akasema, "Koko yako iko mukali. Mi namupenda tayari." Koko ndiyo bibi kwao.

Harusi tumeipanga Jumamosi inayofuata Pasaka, mwezi wa nne. Tiketi yako ni juu yangu, na uje mapema ukae mpaka uchoke. Na usiseme utapakumbuka Woolwich. Huku tuna Woolwich yetu. Sikutanii. Waingereza walipofika kwenye mto huu wa Parramatta waliishiwa majina, wakaanza kurudia ya kwao: ipo Woolwich, ipo Greenwich, ipo Putney, hata Chiswick ipo. Jumapili iliyopita nimempeleka Déborah. Tulipanda feri pale Circular Quay, tukateremka Woolwich, tukapanda kilima mpaka kwenye gudi la kutengenezea meli lililochongwa ndani ya mwamba zaidi ya miaka mia iliyopita. Siku hizi wanaegesha boti za matajiri. Mbele yake kuna kisiwa kilichowahi kuwa gereza. Jua, maji ya bluu, hakuna ukungu wala matope. Kusema kweli, Bibi, Woolwich hii imeoga.

Utaangalia mto, utapanda feri, utasema wewe ndiye mwenyewe. Mlango wa heshima tumeshaupata, ukumbi wa kanisa la kina Déborah una milango miwili mikubwa. Sijui kama mikono yako itafika.

Mumeo mtiifu,
Kassian


Woolwich, London
25 Agosti 2024

Mume wangu,

Salamu kwako, kwa mke mwenzangu na kwa mama yake aliyesikia habari za sketi. Huku joto lilituzuru kwa wiki moja, Waingereza wakavua nguo zote, kisha mvua ikawarudishia adabu. Mama Nsimire amepata mjukuu, mvulana, wamemwita Précieux. Nimeshamtania kwamba sasa na yeye ana mume.

Nimesoma sifa za Woolwich yako iliyooga. Mwulize mke mwenzangu kama umemweleza imefikaje huko. Mimi nitamweleza. Zamani mto huu wetu ulijaa magofu ya meli yaliyofanywa magereza, na mwaka 1787 baadhi ya wafungwa wa kwanza kupelekwa Sydney walipandishwa melini hapa hapa Woolwich. Kwa hiyo mtoto mtukutu alifukuzwa nyumbani, akafika ng'ambo, akajiita jina la mama yake ili aonekane ana kwao. Halafu unaniambia ameoga! Nani aliyemwogesha? Na kabla yake, wenyeji wa hapo walipaitaje? Usijenge hoja kwa jina la kuazima.

Tena usinitajie wanaoondoka Woolwich. Ile timu unayoamkia alfajiri huko Sydney kuitazama, iliundwa na mafundi wa kiwanda cha silaha cha Arsenal, hapa chini ya pua yangu. Mwaka 1913 ikavuka mto kwenda kaskazini na haijarudi hata kusalimia. Babu yako aliipenda na kuinunia maisha yake yote. Nyie wanaume mkishavuka maji ni hivyo hivyo.

Leo nimekaa kwenye benchi pale kiwandani kwenyewe, karibu na mizinga ya zamani. Watoto wanaipanda kama punda. Pale zilipotengenezwa risasi za vita vyote, sasa kuna vyumba vya kupanga na mkahawa unaouza kahawa iliyochorwa ua juu. Wahaya tulikuwa na kahawa kabla yao na hatukuichora chochote. Babu yako alipokuja kusoma pale politekniki, alinileta kwenye benchi hizi akanieleza kila jengo kinshomile, kwa majivuno ya msomi wa Kihaya, kama alilijenga yeye. Mimi nilikuwa nasikia njaa. Akanipeleka McDonald's, ya kwanza kufunguliwa Uingereza nzima, iko hapa hapa Woolwich. Nikangoja sahani mpaka chakula kikapoa.

Haya. Nitakuja. Nimelisema na nimeliandika. Nimekutumia senene wa Bukoba kwa posta. Ule na mwenzako, na umwambie kwamba zamani wanawake tulikatazwa kuwala, kwa hiyo sasa nafidia. Kesho nashuka sokoni Beresford Square, yuko mama wa Kinaijeria ana vitenge vya kuzibia mlango.

Mkeo aliyekubali safari,
Kokugonza


Seven Hills, Sydney
20 Oktoba 2024

Bibi, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu uliponiandikia, na zile mbili sijaona jibu. Sisi wazima. Senene hawajafika.

Nimempigia Mama Nsimire. Akasema, "Koko iko salama, iko salama kabisa," kisha akaanza kuniuliza mvua za Sydney zikoje. Namfahamu Mama Nsimire tangu nikiwa na miaka tisa na hajawahi kuniuliza habari za mvua.

Nataka tarehe ya kukukatia tiketi, na nataka kujua rangi ya kitenge, maana mama yake Déborah anataka vifanane. Pia nimekutafutia jibu lako: wenyewe walipaita Moocooboola, wanasema maana yake ni maji yanapokutana. Nadhani utalipenda.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kassian


Woolwich, London
17 Novemba 2024

Mume wangu mwenye haraka,

Salamu. Barua zako zote tatu zimefika, siku hizi posta ya huku inatembea kama inakwenda msibani. Mimi mzima. Précieux ameota jino. Waridi limelala.

Moocooboola. Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu, na kweli ni zuri kuliko Woolwich. Mwambie mke mwenzangu hapo mmenishinda.

Leo somo lake ni hili. Kule upande wa juu wa mto lipo boma la kuzuia mafuriko. Lilijengwa nikiwa nimeshahamia, miaka ya themanini likaanza kazi. Kofia zake za chuma zimejipanga katikati ya maji, na jua la asubuhi likizipiga zinang'aa kama masufuria yaliyosuguliwa kwa majivu. Bahari ikipanda, milango inainuka kutoka chini ya mto na kuizuia. Karibu zaidi kuna kile kijumba cha duara cha mlango wa handaki, na paa lake lenye ncha. Njiwa wanakaa pale wakisubiri mabaki. Feri inakwenda, inarudi. Asubuhi magari ni mengi, mchana machache. Ukiiangalia kutwa unaona haina haraka na mtu, na hakuna anayeachwa.

Kuhusu tiketi, usikimbilie kukata. Nimetazama ramani, na kati ya hapa na kwako ni maji matupu na nchi ambazo sina mtu. Kukaa kwenye ndege kutwa kucha na miguu hii! Na nikiondoka nani ataitazama feri? Kitenge ni cha kijani na manjano.

Msalimie mke mwenzangu. Mwambie tutaona.

Kokugonza


Seven Hills, Sydney
15 Desemba 2024

Bibi, shikamoo.

Tumejiandaa kwa Noeli. Huku ni joto la kuyeyusha mishumaa na kwaya ya kina Déborah inafanya mazoezi kwenye gereji. Mama yake amenipa daraja, sasa ananiita "bakwe", yaani mkwe, mbele za watu.

Senene wamekufa kifo kingine. Nimepata karatasi ya watu wa ukaguzi wa mizigo, wanasema wamekuta kwenye kifurushi wadudu waliokaangwa kwa chumvi, na hawaruhusiwi kuingia Australia. Nimeeleza kwenye simu kwamba ni chakula cha harusi. Yule kijana akasema, "Sorry mate, they're insects." Nikamjibu kwamba kwetu ni heshima. Wameteketezwa, Bibi. Nakupa pole na ujipe pole.

Sasa niambie. Mwezi wa nane ulisema utakuja, ulilisema na kuliandika. Mwezi wa kumi na moja ukasema tutaona. Katikati hapo kumetokea nini? Yule mama wa Kinaijeria alikuuzia kitenge kwa maneno gani? Baada ya misa unapitia wapi siku hizi? Zamani ulikuwa huwezi kutaja handaki bila kunitajia harufu yake. Barua ya mwisho hainuki kitu.

Asiyekuwapo na lake halipo, wewe ndiye uliyenifundisha. Nitasimama mlangoni pale na ile milango miwili, hakuna mtu wa kuiziba.

Kassian


Woolwich, London
12 Januari 2025

Kwa Bwana Kassian,

Heri ya mwaka mpya, wewe na wote ulio nao. Nawaombea wale senene walale pema.

Nimefikiri tangu Noeli na nimeona nisikucheleweshe. Mtoto wa watu anangoja. Basi mimi Kokugonza, mkeo wa kwanza, nikiwa na akili zangu timamu na meno yangu machache, leo natoa talaka kwa posta. Mashtaka ni haya: unakoroma tangu utotoni, unaacha vikombe chini ya kitanda, na uliondoka kwenda nchi ambayo mwaka wake umegeuzwa. Mke mdogo nampa vyote hivyo bila masharti. Masomo amefaulu.

Mlango wa kanisa usiwasumbue. Mtafutieni mama yeyote wa Kitanzania hapo Sydney asimame badala yangu, maneno nimeshawaandikia. Si lazima awe mimi. Asimame tu kwa kuchangamka, na asimpishe upesi, maana mwali akipishwa upesi hukosa kujua kwamba mume huyu alikuwa na mtu aliyempenda kabla yake.

Kitenge nitakituma. Hicho nadhani hawatakiteketeza.

Usiniulize zaidi, Kassian. Nakuomba kama bibi yako, siyo kama mkeo.

Leo feri imesimama kwa sababu ya ukungu. Nilikuwa naona paa la handaki tu, na baadaye hata hilo likapotea.

Kokugonza


Seven Hills, Sydney
2 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima, na safari hii salamu nimezifupisha makusudi.

Talaka yako nimeisoma mara moja kwa kucheka na mara ya pili sikuweza kuimaliza. Déborah alirudi kutoka kazini akanikuta nimetandaza barua zako zote mezani. Akazisoma moja baada ya nyingine, bado amevaa sare. Akaniuliza, "Koko anaikalaka ku etage ya ngapi?" Nikamwambia ghorofa ya saba. Akasema, "Basi siku hizi aiko anashukaka."

Yaani hushuki tena. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Dirisha la jikoni kwako nalijua, Bibi. Ndipo nilipofanyia kazi za shule miaka yote. Ukikaa kwenye kile kiti cha babu, kushoto unaona kofia za boma, mbele yako feri, kulia kidogo paa la handaki na njiwa wake. Soko halionekani. Mizinga haionekani, wala benchi. Tangu mwezi wa kumi na moja umemfundisha mke mwenzako Woolwich yote inayoonekana kutoka kiti kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapo dirishani.

Nilimpigia tena Mama Nsimire. Nikamwambia leo sitaki habari za mvua. Akalia, akaniambia ulianguka sokoni, kwamba ni nyonga, na kwamba ulimwapisha kwa jina la Précieux. Usimgombeze.

Mimi sikukasirika. Niliogopa, kama nilivyoogopa mle ndani ya handaki, na safari hii hapakuwa na sketi ya kujifunika. Ulikuwa umelala hospitali na mimi huku nakuuliza rangi ya kitenge.

Talaka naikataa. Naambatanisha nakala yako ile ile, irudi ilikotoka. Hatutaki mama yeyote wa Kitanzania asimame badala yako. Harusi ya kanisani iko pale pale baada ya Pasaka, lakini ya mlangoni itatangulia. Tunakuja, mimi na Déborah, katikati ya mwezi wa tatu, tiketi tumeshakata na hazirudishwi, kwa hiyo usiandike kukataa. Mlango tutakaoutumia ni wa nyumba yako, ghorofa ya saba. Upana wake naukumbuka, mikono yako inafika. Ukiuziba umekaa kwenye kiti, bado umeuziba.

Déborah anasema apelekwe pia kwenye handaki, na kwamba wewe utasukumwa kwenye kiti na mimi nitatembea mbele bila kujifunika chochote. Kisha feri. Anasema kama kweli ni ya bure ataipanda mpaka wamchoke.

Mumeo ambaye bado ni mumeo,
Kassian


Woolwich, London
23 Februari 2025

Mume wangu,

Salamu kwako na kwa mke mwenzangu mwenye macho. Mwambie anayetunza wazee hadanganywi na wazee, nilipaswa kulijua hilo tangu barua ya kwanza. Mama Nsimire sijamgombeza. Nilimnunia siku moja, akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, nikasamehe.

Kweli, nilianguka. Ni ile kesho yake niliyokwambia nashuka sokoni. Kitenge nilikuwa nimeshakilipia, nikageuka kwa furaha kama msichana, na goti lile lililokuwa linalalamika likagoma. Wauzaji wote waliacha meza zao wakanizunguka. Yule mama wa Kinaijeria alinishika kichwa mpaka gari la wagonjwa likafika, na kitenge sikukiachia hata mle ndani ya gari. Wakatengeneza nyonga, wakanirudisha nyumbani na fremu ya kutembelea.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Nilijua ungeacha kazi, ungeahirisha harusi, ungekuja kukaa pembeni ya kitanda changu kama nilivyokaa mimi kwa babu yako mpaka mwisho. Mambo hayo sikuyataka kwako, na mke mwenzangu kutwa anainua wazee wa watu, sikutaka aingie kwetu akute mwingine wa kuinua. Na lipo lingine, nalo ndilo zito. Niliona aibu. Mimi niliyejigamba kuziba mlango, siwezi kusimama mlangoni. Nilipoandika ile talaka nililia juu ya karatasi, ikabidi niiandike upya. Ulipoirudisha nikalia tena, lakini machozi hayo nilikunywa nayo chai.

Basi sikiliza habari za sasa. Yuko kijana wa mazoezi anayekuja kunikunja na kunikunjua, anaitwa Adam, baba yake ni wa Tanga. Kila siku alikuwa ananiuliza nina lengo gani, na mimi namjibu sina. Barua yako ilipofika nikamwambia ninalo. Akauliza kama ni ngazi, au duka, au kanisa. Nikamwambia ni mlango wangu mwenyewe, wala sitaki kuupita, nataka nisimame katikati yake nisitoke. Alicheka mpaka nikamweleza, kisha akasogeza fremu mpaka mlangoni.

Sasa ndiyo kazi yangu. Mama Nsimire huniwekea kiti nyuma, nami nasimama, mkono mmoja kwenye mwimo huu wa mlango na mwingine kwenye ule. Mwanzoni miguu ilitetemeka kama siku ya harusi yangu. Majirani wakitoka kwenye lifti wananikuta pale, wanadhani nawangoja, wananisalimu. Jana nilisimama mpaka chai ikapoa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi hata mgeni hajapanda ndege nimeshaanza.

Handaki tutakwenda, na lifti zake zikiwa nzima nitaingia mbele yako, nikuone unavyofanya ushujaa. Waridi limechipua. Kile kiti cha babu nimekigeuza, sasa kinatazama mlango.

Nina ombi moja tu. Mwambie mke mwenzangu kwamba maneno anayajua, lakini akifika asiharakishe kuniomba njia. Nataka nisimame hapo kidogo.

Mkeo mkubwa,
Kokugonza